Kifafa kilitulia wiki tatu, kisha kikarudi: kilichotokea kwenye damu ya mdogo wako

Swali: Shikamoo mfamasia. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, yuko kambi ya dagaa Ukerewe. Alianzishiwa Tegretol, kidonge cha miligramu 200 asubuhi na kingine usiku. Wiki tatu za mwanzo hakuanguka hata mara moja. Wiki ya tano akaanguka mara mbili, na mara ya pili alikuwa ndani ya mtumbwi, bahati nzuri ulikuwa bado umefungwa. Dawa anameza. Nilipokwenda kumtembelea nilihesabu vidonge na hesabu ilitimia. Kambini wanasema mwili umeshaizoea dawa, aachane nayo aende kwa mganga. Mjomba anasema ameuziwa dawa feki. Daktari alitaja kipimo cha kuangalia kiwango cha dawa kwenye damu. Je, kina maana au ni kupoteza hela? Na anaweza kurudi ziwani? Dada mtu, Kirumba, Mwanza.

Jibu: Marahaba, dada. Pole sana, na tumshukuru Mungu kwamba ule mtumbwi ulikuwa umefungwa.

Naanza na lililo la haraka. Asiache dawa hata siku moja, na asijiongezee mwenyewe. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege la mfululizo: mtu anaanguka, kabla hajazinduka anaanguka tena, na hali hiyo inaua. Arudi wiki hii kwa daktari aliyemwanzishia, huku akiendelea kumeza kama alivyoandikiwa. Mengine nitayaeleza taratibu, kwa sababu barua yako inaonyesha unataka kuelewa, na ndugu anayeelewa ndiye anayemshika mgonjwa asiteleze.

Ulichokiona, yaani wiki tatu za utulivu kisha kuanguka tena wakati dozi haijabadilika, ni jambo linalojulikana vizuri kwa dawa hii. Tegretol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni kabamazepini, na tabia yake ya pekee ni kwamba inaliamsha ini liiondoe kwa kasi zaidi kuliko siku ya kwanza. Kwenye ini kuna vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa. Kabamazepini inapoingia kila siku, ini linatengeneza vimeng'enya vingi zaidi vya aina hiyohiyo inayoivunja. Wewe ni mtu wa Kirumba, kwa hiyo fikiria wapara samaki pale mwaloni. Siku za kwanza za mzigo mkubwa wapo wachache na samaki wanakaa mpaka mchana. Mzigo ukiendelea kuja kila asubuhi, wapara wanaongezeka, na baada ya wiki chache shehena ileile inaisha mapema asubuhi. Mzigo haukupungua. Mikono ndiyo iliyoongezeka.

Kwa takwimu ni hivi. Mtu akimeza kabamazepini kwa mara ya kwanza, kiwango cha dawa kwenye damu huchukua kati ya saa 25 na 65 kupungua nusu. Akishaitumia kwa wiki kadhaa, kupungua huko kwa nusu huchukua saa 12 hadi 17 tu. Mabadiliko hayo huanza mapema na kwa kawaida hukamilika kati ya wiki ya 3 na ya 5 akiwa kwenye dozi ileile. Linganisha na tarehe ulizoniandikia: wiki tatu salama, wiki ya tano akaanguka.

Chukua mfano wa hesabu, si kipimo chake yeye. Tuseme mwanzoni dawa ilikuwa inapungua nusu kila baada ya saa 36, na sasa inapungua nusu kila baada ya saa 15. Kwa vidonge vilevile viwili kwa siku, wastani wa dawa iliyoko kwenye damu unashuka mpaka chini kidogo ya nusu ya ule ambao ungekuwepo kama ini lisingebadilika. Kama angekuwa na miligramu 8 kwa lita, sasa ana kati ya 3 na 4. Kiwango ambacho maabara nyingi hukitumia kama mwongozo wa kabamazepini ni miligramu 4 hadi 12 kwa lita. Unaona jinsi mtu anavyoweza kumeza kila kidonge kwa uaminifu na bado damu yake ikawa imeshuka chini ya mstari.

Kwa hiyo watu wa kambini hawakuona vibaya. Ni kweli kuna kitu mwilini kimebadilika. Walipokosea ni kwenye uamuzi. Wanadhani mwili ukishaanza kuizoea dawa utaendelea hivyo mpaka dawa igeuke maji. Sivyo. Ini likishafika kiwango chake kipya, linatulia hapo. Dawa haiendelei kuporomoka mwezi baada ya mwezi. Daktari akipandisha dozi kufidia kilichopungua, kiwango kinapanda na kinakaa. Watu wengi sana wanaishi kwa dozi moja ya kabamazepini miaka kwa miaka baada ya kuvuka miezi hii miwili ya mwanzo.

Utauliza, kama jambo hili linajulikana, kwa nini hakupewa dozi kubwa tangu siku ya kwanza? Kwa sababu siku ya kwanza ini lake lilikuwa bado halijaamka. Dozi kubwa wakati huo ingekaa mwilini muda mrefu mno, akaona vitu viwili viwili, akayumba kama mlevi, akatapika, na pengine akaitupa dawa kabisa. Tunaanza chini makusudi. Dozi ya watu wazima kwa kawaida huwa kati ya miligramu 400 na 1200 kwa siku, na mdogo wako yuko kwenye 400. Alipo ni mwanzo wa safari, na nafasi ya kupanda bado ipo. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi mgonjwa anaondoka na dawa ya mwezi bila mtu kumwambia kwamba wiki ya nne au ya tano ndiyo ya kurudi. Akianguka anaona dawa imemsaliti, wakati ilikuwa inahitaji kupandishwa tu.

Hata hivyo sitaki uende na jibu hilo peke yake, maana kuna jambo kwenye barua yako limenifanya nisimame: kambi ya dagaa. Umesema hesabu ya vidonge ilitimia. Hesabu inaweza kutimia na saa zikawa zimevurugika. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inatoka jioni na kurudi alfajiri, na wanapumzika hasa siku za mbalamwezi. Sasa ile dozi ya usiku anaimeza saa ngapi, na wapi? Wapo vijana ambao, kwa kuogopa vidonge visilowe au kwa aibu ya kumeza mbele ya wenzao, hawaendi na dawa ziwani. Wakirudi asubuhi wanameza viwili kwa pamoja ili kulipa deni. Mwisho wa mwezi kopo lina idadi sahihi kabisa.

Ila damu haihesabu vidonge kwa mwezi. Inahesabu saa. Dawa inayopungua nusu kila saa 12, ukiimeza yote asubuhi, baada ya saa 24 imebaki robo. Na hiyo robo inamkuta saa ngapi? Alfajiri, akiwa hajalala usiku kucha, amechoka kuvuta nyavu, yuko juu ya maji. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa hata kama dawa iko sawa. Mkikutanisha mambo hayo mawili, huhitaji kutafuta mchawi. Na ile asubuhi anapomeza viwili kwa mpigo, baada ya saa nne au tano dawa inafika kileleni, anaweza kupata kizunguzungu na kuona mawili mawili, halafu akahitimisha kwamba dozi ni kali mno. Mtu mmoja, siku moja, dawa imezidi mchana na imepungua alfajiri.

Kwa hiyo muulize, lakini muulize kwa upole, mkiwa wawili tu. Usimuulize "unameza dawa?", maana atajibu ndiyo. Muulize, "siku mnayotoka ziwani, kile cha usiku unakimeza saa ngapi?" Jibu lake mwandikie daktari. Daktari asipolijua hilo anaweza kupandisha dozi kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa saa.

Sasa la mjomba. Asipuuzwe, kwa sababu dawa feki na dawa duni zipo duniani, na kinga ni kununua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, kutunza boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kutonunua vidonge vya kumimina kwenye karatasi. Mkiwa na shaka ya kweli, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda hapa Mwanza na inapokea taarifa za namna hiyo. Lakini kabla ya kufika huko, nauliza swali dogo ambalo kwa mtu wa kisiwani ni kubwa: vidonge anavitunza wapi?

Kabamazepini haipendi unyevu. Vidonge vikikaa kwenye hewa yenye maji vinakuwa vigumu, vinashindwa kuyeyuka vizuri tumboni, na vinaweza kupoteza mpaka theluthi ya nguvu yake. Kwa macho huenda usione tofauti yoyote. Kwenye kambi ya wavuvi kila kitu kina unyevu: nguo, godoro, begi lililotundikwa karibu na nyavu mbichi. Kama alitoa vidonge kwenye pakiti yake akavitia kwenye mfuko wa nailoni, mjomba anaweza kuwa sahihi kwamba dawa haina nguvu, ila aliyeiharibu si muuzaji. Vibaki kwenye pakiti yake mpaka dakika ya kumeza. Kama vilitoka kwenye kopo la kiwanda, vibaki humo kifuniko kikiwa kimekazwa, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kisitolewe. Kopo likae ndani ya chombo kingine kinachofunga vizuri, mbali na jiko na mbali na maji. Halafu jitahidini anunue ya kiwanda kilekile kila mara. Kabamazepini za viwanda tofauti zinaweza kuingia mwilini kwa kasi inayotofautiana kidogo, na kwa mtu aliye karibu na mstari, kidogo hicho kinatosha.

Kuhusu kipimo. Kina maana, lakini kina masharti, na kikifanywa ovyo ni kweli mtakuwa mmepoteza hela. Zahanati na vituo vya afya hawakifanyi. Ni kipimo cha maabara kubwa, kwa hiyo ulizeni kwanza kwenye hospitali ya rufaa kama sampuli inachukuliwa hapo au inasafirishwa, na gharama yake, kabla mgonjwa hajapanda meli kutoka Nansio.

Sharti la kwanza ni saa ya kuchukua damu. Kwa kabamazepini tunataka damu ya asubuhi kabla hajameza kidonge cha asubuhi, yaani wakati dawa iko chini kabisa. Aje na kidonge chake mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Damu iliyochukuliwa baada ya kupita saa nne tangu ameze itaonyesha kilele, na namba itapendeza bila kutuambia alikuwa na kiasi gani alfajiri. Sharti la pili ni siku. Dozi ikibadilishwa leo, kupima keshokutwa hakuna faida. Kabamazepini iliyokwisha kuliamsha ini inahitaji siku kadhaa kutulia kwenye kiwango kipya, na kama ndiyo kwanza ameanza dawa, subirini mpaka ile wiki ya tano ipite. Sharti la tatu ni karatasi. Kwenye fomu iandikwe dozi, saa ya kidonge cha mwisho, saa ya kutoa damu, na dawa nyingine zote anazotumia. Namba isiyo na saa haimsaidii daktari.

Kuna hali moja inayovunja sharti la kwanza. Akianguka na kupelekwa hospitali, damu ichukuliwe palepale saa yoyote, bora saa ya kidonge cha mwisho iandikwe. Damu ya saa ya kuanguka inatuambia alikuwa na nini wakati ule, na nafasi hiyo hairudi.

Majibu yakitoka, yanasomwa hivi. Namba ikiwa chini na saa za kumeza zimenyooka, ini limefanya kazi yake na dozi inapandishwa. Namba ikiwa karibu na sifuri, dawa haiingii: ama hamezi, ama anaitapika, ama vidonge vimeharibika. Namba ikiwa nzuri, tuseme 8 au 9, na bado anaanguka, basi tuache kuilaumu dozi. Hapo daktari atafikiria usingizi, gongo, homa, chumvi ya sodiamu iliyoshuka kwenye damu (kabamazepini yenyewe inaweza kuishusha), au kwamba aina ya kifafa chake haiendani na dawa hii. Kipo kifafa cha kushtuka-shtuka mikono asubuhi na kile cha kuduwaa kwa sekunde chache, na vyote viwili kabamazepini inaweza kuvizidisha. Kama mdogo wako ana dalili hizo, ziandike.

Na msiiabudu namba. Ule mwongozo wa 4 hadi 12 umetokana na watu wengi, si na mdogo wako. Kuna mtu ana 3 na hajaanguka miaka. Huyo haguswi. Kuna mwingine ana 10 na anayumba. Huyo anapunguziwa. Kama hela haipo au maabara iko mbali, daktari makini anaweza kuendesha matibabu vizuri bila kipimo hiki, kwa daftari la tarehe za kuanguka, saa za vidonge na dalili za kuzidiwa. Ningelazimika kuchagua kati ya kipimo kimoja cha damu na daftari lililoandikwa kwa uaminifu miezi mitatu, ningechukua daftari.

Wasomaji wenye ndugu wanaotumia dawa nyingine za kifafa wasichukue maelezo haya kama yalivyo, kwa sababu kila dawa ina mwendo wake. Fenobabitoni, ambayo wengi wanaijua kuliko zote na imetumika kwa kifafa tangu 1912, inakwenda polepole. Huchukua takriban siku tatu hadi nne kupungua nusu, kwa hiyo inahitaji wiki mbili mpaka tatu kujaa. Mgonjwa wake anaweza kuanguka wiki ya kwanza, ndugu wakasema haifanyi kazi, kumbe bado haijafika. Faida ya upole huo ni kwamba kidonge kimoja kikisahaulika, kiwango hakishuki sana. Hasara yake ni kwamba ikizidi, usingizi na uzito wa kichwa huchukua siku nyingi kuisha.

Fenitoini ndiyo inayotutia hofu zaidi sisi watu wa dawa. Kwake wapara samaki wako idadi maalumu na hawaongezeki. Mpaka kiwango fulani wanaumudu mzigo. Ukipita hapo, kila kinachoongezwa kinarundikana. Kupanda kutoka miligramu 300 kwenda 400 kwa siku, ongezeko la theluthi tu, kunaweza kuzidisha kiwango cha damu maradufu, na aliyekuwa mzima wiki jana akawa anapepesa macho na hawezi kutembea mstari ulionyooka. Fenitoini haiongezwi kwa kukisia. Hapo ndipo kipimo cha damu kinalipa gharama yake yote.

Narudi kwa mdogo wako na kwa ziwa. Ini lililoamshwa na kabamazepini haliishii kuivunja kabamazepini tu. Linavunja na dawa nyingine zinazopita humo, na kwa mtu wa pwani ya Ziwa Victoria hili lina uzito. Ya kwanza ni dawa ya kichocho, prazikwanteli, ile inayogawiwa mashuleni na vijijini. Kabamazepini na fenitoini zinashusha sana kiwango chake kwenye damu, kwa hiyo mtu anaweza kumeza vidonge vyote vya kichocho mbele ya mhudumu na minyoo ikabaki. Asikatae kumeza. Amwambie mhudumu kwamba anatumia dawa ya kifafa, kisha arudi apimwe tena mkojo na choo baadaye.

Ya pili ni dawa ya mseto ya malaria. Nayo inapungua nguvu kwa mtu anayetumia kabamazepini au fenitoini. Aseme kabla ya kupewa, ili anayemtibu aamue kama kuna dawa inayomfaa zaidi. Homa isipokatika ifikapo siku ya tatu arudi haraka, asingoje. Malaria yenyewe, kwa homa yake na kutapika kwake, ni sababu tosha ya kuanguka.

Dawa za kifua kikuu zinavuta pande mbili kwa wakati mmoja. Rifampisini inaliamsha ini zaidi na kuishusha kabamazepini, wakati isoniazidi inalizuia na kuipandisha. Na matibabu yakiisha, ini linarudi polepole, kiwango kinabadilika tena. Kwa mtu wa namna hiyo lazima daktari wa kifafa na kliniki ya kifua kikuu wajuane. Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri, kabamazepini inaishusha dolutegraviri kiasi kwamba inatakiwa kumezwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja, au dawa ya kifafa ibadilishwe. Mtu asipoambiwa hili, kifafa kinatulia na virusi vinaamka. Na akiandikiwa erithromaisini kwa kikohozi au kidonda, aseme, maana hiyo inafanya kinyume: inalizuia ini, kabamazepini inarundikana, na ndani ya siku chache anaanza kuyumba. Hata balungi, kwa wanaolipenda, linapandisha kabamazepini. Machungwa ya kawaida hayana shida hiyo.

Swali lako ni la kijana wa kiume, ila najua akina mama watasoma. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi vinabaki salama zaidi. Mjamzito mwenye kifafa asiache dawa, awahi kliniki, kwa sababu mimba nayo inabadilisha viwango, hasa vya lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ambayo inaweza kushuka sana wakati wa ujauzito na kupanda haraka baada ya kujifungua. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, isianzishwe kwa msichana au mwanamke anayeweza kubeba mimba kama kuna dawa nyingine inayomfaa, kwa maana inamdhuru mtoto aliye tumboni. Anayeitumia tayari asiitupe, amwone daktari.

Mganga. Sitakushauri ugombane na watu wa kambini, ndio wanaomwinua akianguka. Waambie tu kwamba dawa haijashindwa, ilikuwa dozi ya kuanzia na sasa inapandishwa. Akienda kwa mganga kwa matakwa yake, sharti liwe moja: vidonge haviachwi. Mizizi ya kunywa simshauri, kwa sababu yapo mengi humo yanayopita kwenye ini lilelile. Na waelezeni wenzake kwamba povu la mdomoni haliambukizi. Wakiogopa kumshika, hapo ndipo atakapokufa. Akianguka nchi kavu wamlaze ubavu, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, watazame saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, ni safari ya hospitali.

Ziwani kwa sasa hapana, na hapa sitalainisha neno. Mtu mwenye kifafa kisichotulia akianguka majini anazama kimya, bila kupiga kelele wala kupunga mkono, na usiku kwenye mwanga wa taa wenzake wanaangalia dagaa. Jaketi okozi linasaidia, lakini mengi yanayovaliwa mitumbwini hayamgeuzi mtu aliyepoteza fahamu uso ukawa juu. Asioge ziwani peke yake pia. Najua unaloniambia moyoni, kwamba atakula nini. Kambi ina kazi za nchi kavu: kuanika dagaa, kupakia magunia, kutunza hesabu, kuuza. Hazina posho ya mtumbwi, lakini zinampa usiku wa kulala, na usingizi huo ni nusu ya matibabu yake. Lini arudi majini ni suala la daktari wake, baada ya dozi kutulia na muda mrefu kupita bila kuanguka, na sisi huwa tunahesabu muda huo kwa miezi mingi, si kwa wiki.

Kwa hiyo wiki hii mtoe Ukerewe au mwambie aende hospitali ya wilaya pale Nansio, akiwa na daftari, boksi la dawa na majina ya dawa nyingine yoyote aliyomeza tangu aanze. Mwombe daktari kama saa za vidonge zinaweza kupangwa ziendane na maisha yake, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni badala ya usiku mkubwa, na kama vipo vidonge vya kuachia dawa polepole, ambavyo havisagwi wala kutafunwa. Apewe dawa za kutosha kuvuka siku ambazo meli haisafiri. Akisahau kidonge akakumbuka mapema, akimeze. Kama kinachofuata kimekaribia, aache kile alichosahau na aendelee na ratiba, asimeze viwili.

Dozi ikipandishwa, siku chache za mwanzo atasikia kichwa chepesi, na mara nyingi hupita. Akianza kuona mawili mawili, kuyumba, kutapika au kulala mchana kutwa, arudi kabla ya tarehe aliyopangiwa. Na akitokewa na upele mwilini, vidonda mdomoni, macho mekundu au homa isiyoeleweka, hususan katika miezi hii ya kwanza, afike hospitali siku hiyohiyo na amwonyeshe daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.